Je, nyumbani kwako kunapigwa wimbo gani?

Kabla hujafika ukurasa wa mapishi, ningependa kukuuliza swali moja dogo. Juma hili lililopita umesikiliza wimbo gani? Siulizi ule uliokukuta ndani ya matatu, uliochaguliwa na makanga bila kukutaka shauri mpaka ukashuka masikio yakikuvuma. Nauliza ule ulioutafuta mwenyewe, ukausikiliza hadi mwisho, kisha ukaurudia.

Mimi langu silifichi. Kwa miezi kadhaa sasa nyumba yetu hapa Thika imekuwa makao ya marehemu Mbaraka Mwinshehe. Ni Mbaraka asubuhi chai ikichemka, Mbaraka jioni, na Jumamosi ni Mbaraka kutwa. Wimbo unaorudiwa zaidi ni ule wa "Shida", ambao jina lake linatosha kukuambia habari zake.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa, lakini kwa faida ya vijana, huyu alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa Morogoro, Tanzania. Alivuma na Morogoro Jazz, na mwaka wa 1970 bendi hiyo ikafika hadi Japani kwenye yale maonyesho makubwa ya Osaka. Mwaka wa 1973 akaunda bendi yake, Super Volcano. Kisha Januari 1979 akafariki katika ajali ya barabarani huku kwetu Mombasa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi pale Majengo, na nakumbuka watu wazima wakisimama vibarazani wakizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba aliyefariki ni jirani.

Nikisema maoni yangu, uzuri wa Mbaraka uko katika kutokuwa na haraka. Gitaa lake hutembea kama mtu aliyetumwa dukani na anayejua kuwa duka halifungwi. Huimba, akanyamaza, gitaa likamjibu, akaongeza neno. Nyimbo nyingi za wakati ule zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa santuri ndogo, kwa hivyo zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa nyuma. Ilikubidi uinuke, uigeuze santuri, uitie sindano tena. Katika ile nafasi ya kuinuka na kuketi, ulipata kuyafikiri maneno uliyokuwa umeyasikia. Nyimbo za leo ni za dakika tatu, na kabla hujajua mwimbaji anamlilia nani, umeshaingia wimbo wa mtu mwingine.

Lakini lazima nikuambie, msomaji, kwamba anayemtia Mbaraka si mimi. Ni mzee wangu.

Mzee wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Alikitumikia miaka ishirini na sita. Desemba iliyopita alipigwa kalamu pamoja na wenzake wengi, kwa barua ya aya moja, na akarudi nyumbani na kisanduku chake cha vyuma vya kazi na kikombe cha chai. Hakulaumu wala hakutukana. Alisema tu, "Basi, wamefunga hesabu," akanawa mikono, akala.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno matatu kwa siku. Ukimwuliza atakunywa chai atakwambia "weka hapo". Ukimwuliza amelalaje atakwambia "vizuri". Mwezi wa tatu akateremsha redio kaseti yetu ya zamani kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi, akaikaza skrubu mbili tatu, ikanena. Kaseti zenyewe ni zile alizonunua River Road ujanani, nyingine hazina hata karatasi. Ndipo akaanza na "Shida". Nikiwa cherehani, maana mimi ni fundi wa nguo na nashonea veranda, nilikuwa nikisikia wimbo ukiisha, halafu kitufe kinabanwa, utepe unarudi nyuma kwa mlio kama wa mbu, halafu wimbo unaanza tena.

Jirani mmoja aliniambia nikaifiche ile kaseti kwani mtu mwenye huzuni hafai kusikiliza nyimbo za huzuni. Sikukubaliana naye hata kidogo, na sababu yangu ni malezi niliyopata.

Mimi nimelelewa katika nyumba ya taarab. Mama yangu, Mungu amrehemu, hakupata hata siku moja kumwinulia marehemu baba sauti. Alimwita Mwenyewe, alimpokea kofia, alimtengea chakula. Lakini kulikuwa na siku ambazo santuri ya Zuhura Swaleh ingetiwa saa kumi na mbili za jioni, wakati ambao baba hurudi, nayo sauti ikafunguliwa hadi majirani wakasikia. Baba angesimama mlangoni, angesikiliza beti moja, kisha angevua viatu polepole. Kesho yake ungeona kitenge kipya au nusu kilo ya nyama, au ungewaona wameketi uani wakizungumza kwa kunong'ona. Sisi watoto tulijua kuwa barua imepelekwa na imejibiwa.

Ndivyo taarab ilivyo. Nenda kwenye arusi yoyote ya Waswahili ukaangalie wakati wa kumtuza mwimbaji. Mwanamke huinuka na noti yake pale tu ubeti wake unapoimbwa, akapita kwa madaha mbele ya yule anayemhusu, kisha ndipo akafika kwa mwimbaji. Hajasema neno, na wote wamefahamu. Watu hudhani kwamba sifa ya Juma Bhalo ilikuwa sauti tu. Sauti alikuwa nayo, na tangu alipofariki mwaka wa 2014 sijasikia ya kuishinda, lakini watu walimpendea pia maneno, kwa kuwa kila mmoja aliweza kuyachukua akayatumia nyumbani kwake kama mtu aazimaye kinu.

Wala si taarab peke yake. Wale mliokuwapo enzi za Sauti ya Kenya mnazikumbuka kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya jamaa na marafiki kutoka Vanga hadi Busia, akaipeleka posta, kisha akangoja siku jina lake litakaposomwa na wimbo upigwe. Wapo waliopatana kwa njia hiyo baada ya kutosemezana kwa muda mrefu. Kumwendea mtu na kumwambia "nisamehe" ni kazi nzito, lakini kumtumia salamu na wimbo redioni hakumwaibishi mtu.

Hapa niruhusu nitoke kidogo kando ya njia. Katika chama chetu cha akina mama kuna ubishi usiokwisha kuhusu "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Bendi hiyo ilizaliwa mwaka wa 1978 baadhi ya wanamuziki walipojitenga na Simba Wanyika ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga. Sijui kama kuna arusi Kenya hii ambayo imekwisha bila ya wimbo huo. Gitaa la marehemu Omar Shabani na besi ya Tom Malanga vikianza tu, hata mama mkwe aliyenuna hutikisa bega. Lakini je, umewahi kumsikiliza yule bwana anasema nini? Anamsihi mwenzake aache hasira, na kwamba kila mmoja ana wake nyumbani. Nusu ya chama husema maskini anasingiziwa. Nusu nyingine, nami nikiwamo, husema mtu asiye na kosa hutumia maneno machache kuliko hayo. Tena kuna bwana mmoja mtaani kwetu ambaye kila akichelewa kurudi huutia wimbo huo kabla hajavua koti. Mkewe naye siku hizi amejinunulia redio yake.

Basi kwa kuwa nimelelewa hivyo, sikuificha ile kaseti. Nilijua mzee wangu ananiandikia barua, na kwamba barua isiyosomwa huandikwa tena na tena. Jioni moja utepe ulipokuwa ukirudi nyuma, nilizima cherehani, nikachukua vikombe viwili vya chai, nikaenda kuketi karibu na ile redio. Nikamwambia, "Wimbo nimeusikia, mzee. Sasa niambie wewe ni shida ipi."

Hakujibu mara moja. Alikunywa chai nusu kikombe. Kisha akaniambia kuwa zile pesa za kuachishwa kazi, ambazo mimi nilidhani zimo benki zinangoja mwezi wa tisa, karibu zote zilikatwa kulipia mkopo aliokuwa nao katika chama cha akiba na mikopo. Mkopo wenyewe ndio uliomsomesha kitinda mimba wetu miaka miwili ya chuo kikuu. Kilichobaki hakikutosha karo ya mwaka wa mwisho. Alikuwa akilijua jambo hilo tangu Januari, na alikuwa akilibeba peke yake kwa kuwa, kama alivyosema, "niliona haya kukupa hesabu isiyo na jibu".

Tulikaa pale mpaka saa nne za usiku. Tulikuwa na kiploti kidogo Matuu, tulichokinunua tukidhani tutakijenga uzeeni. Tukakubaliana kuwa kitafutiwe mnunuzi. Msichana tukaamua tusimwambie mpaka jambo likamilike, asije akavurugikiwa na masomo.

Sasa tumfikie huyo msichana. Ana miaka ishirini na mbili, ni mtoto mtiifu na mcheshi, lakini tangu apate simu hujui anasikiliza nini, kwa kuwa masikio yake yamezibwa na vile vispika vidogo kama punje za kunde. Hupika navyo, hufua navyo, na sina hakika kwamba hasali navyo. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na redio moja. Tuligombania stesheni, baba akitaka taarifa ya habari na kaka zangu wakitaka lingala, lakini hapakuwa na wimbo uliopigwa katika nyumba ile ambao wengine hawakuusikia. Leo watu wanne wanaketi sebule moja na kila mmoja yuko katika dansi yake.

Usinielewe vibaya. Mimi si katika wale wazee wanaosema kuwa vijana wa leo hawajui kuimba. Marehemu E-Sir, aliyetutoka kwa ajali mwaka wa 2003 akiwa kijana mbichi, aliichezea lugha ya Kiswahili kwa ustadi ambao wazee wengi hawana. Sauti Sol niliwapenda kwa jinsi sauti zao zilivyopatana. Gengetoni nilijaribu, nilivumilia wimbo mmoja na nusu, nikaenda kuanika nguo. Na Zuchu wa Zanzibar, ambaye binti yangu anampenda sana, mimi ndimi niliyemwambia kuwa huyo ni mtoto wa Khadija Kopa, yule bingwa wa taarab aliyetoka Culture Musical Club ya Unguja akaja kuitingisha Dar es Salaam na kundi la TOT. Hakuamini mpaka alipotazama katika simu yake. Sikiliza vile Zuchu anavyolivuta neno la mwisho wa mstari kabla ya kuliachia. Hilo halifunzwi studio, bali hupatikana mgongoni mwa mama.

Mwezi wa tano tulikwenda Mombasa kwa arusi ya mpwa wangu, mimi na binti huyo. Tulipanda basi la usiku. Baba yake alibaki, akisema ana kazi ya kutengeneza kinu cha posho cha mtu. Tulipopita Mtito Andei abiria wengi walikuwa wamelala, naye binti alikuwa ameegemea dirisha na punje zake masikioni, macho wazi, haongei. Nikamgusa bega, nikamwambia, "Nipe kimoja nami nisikie."

Alisita. Kisha akalitoa la kushoto akanitilia sikioni mwenyewe, kama vile mtu anavyomvisha mama yake kipuli. Nilijitayarisha kumsikia Zuchu. Nilichosikia ni lile gitaa lisilo na haraka. Ilikuwa "Shida", ile ile ya nyumbani.

Nikamtazama. Akasema, "Wimbo wa baba naujua wote, mama. Ukuta wetu si mnene."

Kwa muda tulisikiliza tu, sikio kwa sikio, basi likikata mbuga kuelekea Voi. Wimbo ulipokwisha alianza kuzungumza akitazama nje. Alisema ameshajua kuwa karo haipo. Alikuwa amezungumza na mama mmoja mwenye duka la M-Pesa karibu na stendi ya Thika, wakaelewana kuwa aanze kazi Septemba. Alikuwa akitafuta namna ya kumwambia baba yake kwamba amechoka na masomo. "Nilidhani nikisema ni mimi nisiyetaka," akasema, "yeye atapumua."

Msomaji, nakuachia wewe ufikirie mama anavyokuwa akisikia maneno hayo saa saba za usiku ndani ya basi. Nilimwambia habari za Matuu papo hapo, ingawa tulikuwa tumekubaliana tumfiche. Akalia, nami nikalia, na mzee mmoja wa kiti cha mbele akatugeukia akatupa pole, nadhani alifikiri tunakwenda mazikoni. Arusi tuliicheza kwa macho yaliyovimba. Walipopiga taarab usiku wa pili binti yangu aliinuka na noti ya shilingi mia, akapita mbele yangu polepole kabla ya kwenda kumtuza mwimbaji. Sikumfunza mimi, na sijui alijifunza wapi.

Kiploti kimeuzwa, si kwa bei tuliyoitaka. Karo ya muhula wa kwanza imelipwa na nyingine tutalipa kidogo kidogo, maana nina oda ya sare za shule mbili na mzee amepata kibanda cha jua kali anakotengeneza vinu na kuchomelea milango. Mwenye duka la M-Pesa tulimwomba radhi, akaelewa. Mbaraka hajahama. Lakini sasa nimegundua kuwa "Shida" huja zaidi kuanzia tarehe ishirini na tano, kodi ya nyumba ikikaribia, na katikati ya mwezi tunapata hata nyimbo za kuchezeka. Ukitaka kujua hali ya mfuko wetu huna haja ya kuniuliza, pita tu nje ya lango usikilize.

Nimeweka pia sharti moja. Jumapili baada ya chakula cha mchana punje za masikioni hukusanywa katika bakuli, na kila mtu hutuchezea wimbo mmoja ambao amekuwa akiusikiliza wiki hiyo, kwa sauti, na wengine wana ruhusa ya kuusema. Kijana wangu wa kiume alikataa majuma mawili ya kwanza. Juma la tatu alituchezea wimbo wa Kikongo nisioufahamu hata neno, akaketi akitazama sakafu mpaka ukaisha. Hatukumwuliza. Tumeusikia, na tunangoja.

Binti naye amezitafuta nyimbo zote za Mbaraka alizoweza kuzipata, akamwekea baba yake kwenye simu, sehemu ya kwanza na ya pili zikiwa zimeunganishwa bila mwanya. Alitarajia shukrani. Mzee alisikiliza mbili, akamrudishia simu, akasema sauti ni safi kweli lakini wimbo wenyewe hauna pa kupumzikia. Ameirudia redio kaseti yake, na kwa hivyo mwenye kaseti za zamani za Morogoro Jazz au Super Volcano ambazo hazitumii, tafadhali asizitupe.